Kubadilisha waya wa draya ya zamani ili itumie soketi ya pini nne: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Familia nyingi zinazozungumza Kiswahili hapa Marekani huanza maisha na draya (mashine ya kukaushia nguo) ya mtumba. Mashine ni nzima na bei ni ya kuridhisha, lakini ikishafikishwa nyumbani inaonekana plagi yake ina pini tatu na soketi ya ukutani ina matundu manne. Kuibadilisha si kazi kubwa. Waya mpya unapatikana kwa urahisi dukani na kazi yenyewe haimalizi hata saa moja. Lakini ndani ya mashine kuna kipande kimoja kidogo ambacho watu wengi hawakijui, na hicho ndicho kinachoamua kama draya itakuwa salama au itamdhuru mtu. Kama huna muda wa kusoma yote, soma jibu linalohusu kiunganishi cha nyutro.

Kwa nini draya yangu ina pini tatu na soketi ina matundu manne?

Umeme wa nyumba za Marekani huingia kwa nyaya mbili za moto (zinazoleta umeme) na nyutro moja (waya wa kurudishia umeme). Ukipima kati ya waya mmoja wa moto na nyutro unapata volti 120. Ukipima kati ya nyaya mbili za moto unapata volti 240. Draya inahitaji vyote viwili: koili ya joto hutumia 240, ilhali mota, taa ya ndani na saa ya kupangia muda kwa kawaida hutumia 120. Kwa hiyo kuna nyaya tatu zinazobeba umeme kila unapokausha nguo. Waya wa nne, wa ardhi, haubebi chochote siku za kawaida. Upo kwa ajili ya siku ambayo kitu kitaharibika.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia shaba ilikuwa adimu, na kanuni za umeme za Marekani zikaruhusu bodi (bati la nje) ya jiko la umeme ifungwe kwenye nyutro badala ya kupewa waya wake wa ardhi. Baadaye draya nazo zikapewa ruhusa hiyo, na ikadumu miongo mingi baada ya vita kwisha. Toleo la 1996 la kanuni za taifa za umeme, NEC, ndilo lililoifuta kwa laini zote mpya. Ndiyo maana nyumba za zamani zina soketi ya matundu matatu, NEMA 10-30 (NEMA ni mfumo wa majina ya plagi na soketi za Marekani), na nyumba mpya zina ya matundu manne, NEMA 14-30.

Draya imefanya kazi na pini tatu miaka mingi. Ubaya wake uko wapi?

Haikuonyesha ubaya kwa sababu nyutro yake haikuwahi kulegea. Katika mpango wa pini tatu, bodi ya bati ya mashine imeunganishwa na nyutro. Nyutro ikikatika au skrubu yake ikilegea, iwe ndani ya soketi au nyuma ya mashine, umeme uliopita kwenye mota hauna tena njia ya kurudi. Unasimama kwenye bodi, na bodi nzima inakuwa na volti 120.

Fikiria sasa chumba cha kufulia kilivyo. Draya na mashine ya kufulia zimesimama bega kwa bega, na mashine ya kufulia imefungwa ardhini vizuri. Mama anatoa nguo mbichi mkono mmoja, mkono wa pili umeshika mlango wa draya, na miguuni kuna maji kidogo. Umeme utapita mkono hadi mkono, kifuani. Breka haitaruka, kwa kuwa umeme unaotosha kuua mtu ni mdogo sana ukilinganisha na ampea 30 ambazo breka hiyo inangoja.

Nibadilishe soketi au waya wa draya?

Badilisha waya wa draya. Soketi ya matundu manne ndiyo sahihi na salama zaidi, kwa hiyo mashine ndiyo inayopaswa kuifuata. Kuitoa soketi mpya na kuweka ya zamani ili plagi iingie ni kuirudisha nyumba kwenye hatari ambayo kanuni zimekwisha kuiondoa.

Naona mtandaoni wanauza adapta ya kutoka tatu kwenda nne. Haitoshi?

Hapana. Adapta hufanya plagi iingie, lakini bodi ya mashine inabaki imefungwa kwenye nyutro kama zamani. Waya wa ardhi wa nyumba unaishia kwenye adapta bila kuifikia mashine. Hatari ni ileile, na sasa imefichwa nyuma ya plagi inayoonekana mpya. Na kukata pini, kuipinda au kuisaga ili iingie usijaribu kabisa.

Ninunue waya gani?

Omba waya wa draya wa pini nne, NEMA 14-30, wa ampea 30, wenye alama ya UL au ya maabara nyingine inayotambuliwa. Nyaya zake za ndani ziwe za shaba, za unene wa namba 10. Urefu wa kawaida ni kati ya futi 4 na 6. Chukua unaofika bila kuvutika na bila kubaki umejikunja nyuma ya mashine.

Dukani waya wa jiko hupangwa rafu moja na wa draya, na watu huchanganya. Angalia pini ya nyutro: ya draya imepinda kama herufi L, ya jiko (14-50) imenyooka. Zisizo sawa haziingiliani, na zimetengenezwa hivyo kwa makusudi.

Nunua pia kibanio cha waya, kile chuma cha vipande viwili chenye skrubu mbili kinachokaa kwenye tundu la nyuma ya draya. Mara nyingi hakimo ndani ya pakiti ya waya. Bila kibanio, ukingo wa bati utakuwa unakwaruza waya kila mashine inapotikisika, hadi siku utakapofika kwenye shaba.

Kazi yenyewe inafanywaje?

Chomoa plagi, kisha nenda kwenye paneli ukazime breka ya draya: ni ile pana yenye mikono miwili iliyofungwa pamoja, imeandikwa 30. Kama mashine haijachomekwa bado, zima hata hivyo, kwa sababu utakuwa karibu na soketi hiyo.

Geuza draya uone mgongo wake. Chini au kando utaona kifuniko kidogo cha bati kilichoshikwa na skrubu moja au mbili. Kifungue. Ndani kuna kitako cha plastiki chenye skrubu tatu zilizopangana. Zile za pembeni ni za nyaya mbili za moto, ya katikati ni ya nyutro na mara nyingi ina rangi ya fedha. Karibu na hapo, kwenye bodi yenyewe, kuna skrubu ya kijani, nayo ni ya ardhi. Piga picha kwa simu kabla ya kugusa chochote. Picha hiyo itakusaidia, na itamsaidia fundi kama itabidi aitwe.

Kabla ya kuendelea, kitazame kitako hicho kwa makini na ukinuse. Plastiki iliyogeuka kahawia, iliyoyeyuka pembeni, au yenye harufu ya kuungua inasema kwamba skrubu ililegea na pakapata moto. Kitako cha namna hiyo kibadilishwe. Kukaza tu hakutoshi, kwa sababu bati lililokwisha kuungua halishiki tena vizuri.

Legeza waya wa zamani, utoe pamoja na kibanio chake. Weka kibanio kipya tundulini, pitisha waya mpya, lakini usikikaze bado. Mweupe uende katikati. Mweusi uende pembeni moja, mwekundu pembeni nyingine, na kati ya hao wawili haijalishi upi uko upande upi. Wa kijani uende kwenye skrubu ya ardhi ya bodi. Kisha shughulikia kiunganishi cha nyutro kama ilivyoelezwa hapa chini, na usifunge kifuniko kabla ya hapo.

Kaza skrubu zote kwa nguvu ya kutosha. Shika kila waya uutikise: usisogee. Kwenye draya, moto mwingi wa kwenye viungo hutokana na skrubu iliyokazwa nusu. Kaza kibanio juu ya ganda la nje la waya, sio juu ya nyaya za rangi, kisha rudisha kifuniko. Usiache mgongo wazi hata kama hakuna anayepita nyuma.

Hicho kiunganishi cha nyutro ni nini, na nakifanyaje?

Ni kipande cha bati au waya mfupi unaounganisha skrubu ya katikati (nyutro) na bodi ya mashine. Kwenye mpango wa pini tatu lazima kiwepo, la sivyo bodi haina ulinzi wowote. Kwenye mpango wa pini nne lazima kisiwepo, kwa kuwa bodi sasa ina waya wake wa ardhi, na nyutro inapaswa kukaa peke yake.

Kwenye draya nyingi za GE ni ukanda wa bati unaotoka skrubu ya katikati hadi kwenye bodi. Utoe wote, uuweke kwenye mfuko mdogo na kuubandika nyuma ya mashine, maana atakayeinunua kesho anaweza kuuhitaji. Kwenye draya nyingi za Whirlpool na ndugu zake ni waya mweupe, au wa kijani wenye mstari, unaotoka ndani ya mashine na kufungwa kwenye skrubu ya kijani ya bodi. Huo usiukate. Utoe kwenye skrubu ya kijani, uulete katikati, uufunge chini ya skrubu moja na waya mweupe wa plagi. Kisha waya wa kijani wa plagi uchukue nafasi yake kwenye bodi.

Michoro hutofautiana kati ya toleo na toleo. Nyuma ya kifuniko, au kwenye karatasi iliyokunjwa ndani ya mashine, kuna mchoro wa mtengenezaji. Ukipingana na maelezo haya, fuata mchoro.

Nikikiacha itakuwaje? Mashine itafanya kazi?

Itafanya kazi, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu hakuna kitakachokuonya. Umeme wa mota utakuwa unarudi kwa njia mbili kwa pamoja: kwenye nyutro na kwenye waya wa ardhi, kupitia bodi. Nyutro ikikatika, wote utahamia kwenye waya wa ardhi na mashine itaendelea kuzunguka kana kwamba hakuna kilichotokea. Siku waya wa ardhi nao utakapolegea, umerudi palepale: bodi yenye volti 120. Ukinunua draya iliyokwisha kubadilishwa na mtu mwingine, fungua kifuniko uangalie mwenyewe. Kuona plagi ya pini nne si ushahidi.

Nitajuaje kwamba nimefanya sawasawa?

Kwa mita, kabla ya kuchomeka. Weka mita kwenye kipimo cha omu. Gusa pini ya ardhi ya plagi (ile ya mviringo) na sehemu ya bodi isiyo na rangi: inapaswa kusoma karibu na sifuri. Gusa pini ya nyutro (yenye umbo la L) na bodi: pasiwe na mawasiliano kabisa. Mita ikilia au ikionyesha karibu sifuri hapo, kiunganishi bado kipo mahali fulani. Rudi ukitafute. Kisha gusa kila pini ya moto na bodi, napo pasiwe na mawasiliano.

Soketi nayo ina haki ya kupimwa, lakini hapo umeme uko hai, na kama hujazoea mita mwachie fundi. Kati ya matundu mawili ya moto inapaswa kuwa takribani volti 240, kutoka kila tundu la moto hadi nyutro 120, kutoka kila la moto hadi ardhi 120, na kati ya nyutro na ardhi karibu sifuri. Kama moto hadi ardhi haisomi kitu, soketi ina umbo la kisasa lakini nyuma yake hakuna waya wa ardhi. Usiitumie.

Breka inaruka mara tu ninapoichomeka au kuiwasha.

Kama nyumba ni mpya, huenda laini ya draya ina kinga ya GFCI, ambayo hulinganisha umeme unaoenda na unaorudi na kukata ukipungua hata kidogo. Matoleo ya karibuni ya NEC yameanza kuidai kinga hii kwenye sehemu za kufulia, ingawa kila jimbo huchagua litumie toleo lipi. Kiunganishi kilichosahaulika kitairusha kinga hiyo papo hapo, na inafanya kazi yake. Chanzo kingine ni koili ya joto iliyokatika na kugusa bodi. Usiirudishe breka juu tena na tena ukitumaini itatulia, na usiweke breka kubwa zaidi.

Inazunguka lakini haitoi joto.

Mota inahitaji waya mmoja tu wa moto, koili inahitaji zote mbili. Upande mmoja ukikosekana kwa skrubu iliyolegea au breka iliyoshuka nusu, mashine itazunguka baridi. Zima breka kabisa, iwashe tena, kisha ukague skrubu za kitako baada ya kuchomoa. Ikiwa umeme uko sawa, tatizo liko ndani: fyuzi ya joto au koili.

Ikiwa joto lipo lakini ni dogo na unaishi kwenye jengo kubwa la maghorofa, huenda umeme wenu ni wa volti 208 badala ya 240. Koili hiyohiyo hutoa takribani robo tatu tu ya joto lake. Mashine si mbovu. Ipe muda zaidi.

Shida yangu ni kinyume: nyumba ni ya zamani, draya ni mpya yenye pini nne.

Njia bora ni fundi mwenye leseni avute laini mpya ya nyaya nne kutoka kwenye paneli: nyaya tatu za shaba namba 10 pamoja na wa ardhi, kwenye breka ya ampea 30. Ni gharama, hasa paneli ikiwa mbali, lakini ndiyo inayomaliza tatizo.

Kanuni bado zinaruhusu laini ya zamani iendelee kutumika kwa masharti. Katika hali hiyo draya mpya huwekewa waya wa pini tatu, na kiunganishi cha nyutro hurudishwa. Hapa ndipo kukisahau ni hatari kuliko popote, kwa kuwa bodi inabaki haina njia yoyote ya ardhi. Moja ya masharti ni kwamba kama nyutro ya kebo hiyo ni waya mtupu usio na ganda, kebo lazima itoke kwenye paneli kuu, sio paneli ndogo. Mwombe fundi alithibitishe hilo.

Kitu kisichoruhusiwa ni kuweka soketi ya matundu manne kwenye kebo isiyo na waya wa ardhi, au kuunganisha nyutro na ardhi kwa kipande cha waya ndani ya soketi. Anayekuja baadaye ataamini macho yake.

Naweza kutumia soketi ya jiko iliyo karibu?

Hapana. Laini ya jiko huwa na breka ya ampea 40 au 50. Waya wa draya umekusudiwa 30, kwa hiyo unaweza kuungua kabla breka haijaona sababu ya kuruka.

Nyumba ni ya kupanga. Nina ruhusa ya kufanya haya?

Waya wa draya yako ni mali yako, unaweza kuubadilisha. Soketi, kebo za ukutani na paneli ni za mwenye nyumba. Ukiona soketi imelegea ukutani, ina alama nyeusi, au inapata moto plagi ikiwa ndani, acha kuitumia, piga picha, na umwandikie mwenye nyumba au wakala kwa ujumbe unaobaki na tarehe. Wengi wetu tunaogopa kulalamika tusije tukaambiwa tuhame. Soketi inayoungua si usumbufu unaomletea mwenye nyumba. Ni nyumba yake unayoiokoa, na watoto wako wamelala ndani yake.

Ni wakati gani niache na kumwita fundi?

Ukikuta nyaya za ukutani ni za alumini zikiwa zimefungwa kwenye soketi isiyo na alama ya kuzipokea. Ukikuta rangi za nyaya haziendani na picha yoyote. Mita ikisoma usichokielewa. Au ukisikia mkono ukiwasha unapogusa mashine, hata kidogo sana: zima breka bila kuigusa tena mashine, na isitumike hadi ikaguliwe.

Waya umekaa sawa. Kuna kingine cha kuangalia kabla ya kuisukuma ukutani?

Bomba la hewa. Tumia la chuma la inchi 4, gumu au nusu gumu, sio la plastiki nyeupe lililokuwa likitumika zamani. Mashine ya mtumba mara nyingi huja na vumbi la nguo lililojaa ndani ya njia ya hewa, na vumbi hilo hushika moto kama pamba. Lisafishe sasa ukiwa bado uko nyuma ya mashine. Kutosafisha ndiko kunakotajwa mara nyingi zaidi na wazima moto wa Marekani kuwa chanzo cha moto wa draya.

Naweza kuituma draya hii nyumbani, Mombasa au Dar es Salaam, nikabadilisha plagi tu?

Usifanye hivyo. Huko umeme ni volti 230 hadi 240 kwa waya mmoja wa moto na nyutro, wa mizunguko 50 kwa sekunde. Draya ya Marekani inataka nyaya mbili za moto zenye nyutro katikati, na mota yake imetengenezwa kwa volti 120 na mizunguko 60. Hata ukiweka transfoma kubwa kwa ajili ya mota, itazunguka polepole na kupata moto kuliko ilivyokusudiwa, na koili peke yake huvuta zaidi ya wati 5,000, wakati soketi ya kawaida ya ampea 13 hutoa takribani wati 3,000. Nauli ya meli, transfoma na laini maalumu ya fundi vitapita bei ya draya ya volti 230 inayonunuliwa hukohuko na kuchomekwa kwenye soketi iliyopo.